Nimeacha kuandika ahadi nyuma ya risiti

Najua nimekuwa kimya. Wengine wamefika mahali pa kuuliza kama nimemezwa na ziwa. Sijamezwa bwana! Nipo Kigoma, mzima wa afya, nakula migebuka na ugali wa muhogo kila siku ya Mungu. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa haraka haraka linaonekana ni la watu wenye nafasi na fedha za kuchezea: kupanga shughuli zako kwenye kishikwambi.

Tayari nasikia mtu anaguna. "Huyu naye kapata tableti basi mji mzima hatutalala." Ngoja kwanza. Kabla sijakueleza uzuri wake, acha nikueleze aibu yangu, maana bila hiyo aibu wala nisingeandika haya.

Muda si mrefu baada ya kuhamia huku nilikutana na mzee mmoja Ujiji, si mbali na soko. Jina lake nalihifadhi. Ujana wake aliumalizia melini, akipanda na kushuka na mizigo ya Liemba, na alikuwa na kumbukumbu ambazo sijazikuta kwenye kitabu chochote: nani alishukia wapi, mzigo gani ulikuwa unalipa, usiku gani ziwa lilichafuka mpaka watu wazima wakatubu kwa sauti. Nilimwomba tukae siku moja nimrekodi vizuri. Akakubali. Akaniambia, "Njoo Jumanne, mjukuu wangu, na uje asubuhi. Ikifika mchana kichwa changu hakitulii."

Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya risiti ya duka, nikaitia mfukoni. Suruali ikafuliwa. Risiti ikawa uji. Kichwani mwangu likabaki neno moja tu, "Ujiji", na siku ambayo nilijishawishi kuwa ni Alhamisi. Jumanne ile nilikuwa Mwanga nakunywa chai na kubishana mpira. Alhamisi yenyewe likatokea jambo jingine, nikajisemea mzee yupo, nitakwenda wiki ijayo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata nikaenda. Nilipokata kona nikaona turubai, viti vya plastiki na wanaume wamekaa kimya. Mzee alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Binti yake, mama wa makamo, alipojua mimi ni nani hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kumbe ndiye wewe mwandishi. Jumanne ile alivaa kanzu yake safi, akakuwekea kiti, akakaa kibarazani mpaka adhuhuri."

Sina la kuongeza hapo. Kishikwambi kisingemrefushia mzee umri hata kwa dakika moja. Lakini kingenifikisha pale Jumanne. Na ndiyo maana nasema kupanga siku yako si urembo. Ratiba yetu kwa sehemu kubwa ni orodha ya watu waliotuwekea kiti.

Basi, baada ya hapo nikanunua kishikwambi kilichotumika, kwa jamaa yangu aliyekuwa anataka kubadilisha. Neno lenyewe, kwa wale wanaolicheka, limeingia mitaani kwa nguvu tangu Sensa ya 23 Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mkononi wakatuhesabu Watanzania 61,741,120. Baada ya sensa vifaa vile vikapelekwa kwa walimu. Kwa hiyo hakuna haja ya kuona kama ni kitu cha ofisini Dar es Salaam. Mwalimu wa kijiji cha kando ya ziwa anaweza kuwa nacho kabatini kwake sasa hivi.

Mwezi wa kwanza, lazima nikiri, nilikuwa kituko. Nilipakua kila programu niliyoisikia. Nikapata daftari la kupangia lenye kurasa za rangi, picha za maua, vibandiko vya kikombe cha kahawa, sehemu ya kuandika glasi za maji nilizokunywa na sehemu ya kuandika "nashukuru kwa nini leo". Nikawa natumia saa nzima ya jioni kupaka rangi wiki yangu. Wiki yenyewe ilikuwa inapendeza ajabu! Kazi hakuna hata moja iliyofanyika. Nilikuwa napanga kupanga.

Halafu likaja suala la saa. Nilikuwa na miadi saa tatu asubuhi na ofisa mmoja. Nikafungua kalenda, nikaandika 3:00, nikaweka king'ora kilie kwa nguvu. Kikalia kweli. Saa tisa usiku! Mama mwenye nyumba akatoka na tochi akidhani tumeingiliwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama, samahani, ni mashine." Akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, "Marahaba baba, mwambie mashine yako na sisi tunalala."

Cheka, lakini hili ni jambo ambalo maelekezo mengi ya kigeni hayatakuambia. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapotua, kifaa kinahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Saa tatu asubuhi ni 9:00. Saa kumi jioni ni 16:00. Mimi sasa kwenye kichwa cha kila miadi naandika kwa maneno, "saa tatu asubuhi", kisha kwenye nafasi ya saa naweka 9:00. Nikikosea kimoja, kingine kinanishtua.

La saa halikuishia hapo. Nilikwenda Kagunga, kijiji cha mwisho kaskazini kabla hujaingia Burundi, kile kile kilichofurika wakimbizi Mei 2015 mpaka Liemba ikapelekwa kuwachukua kuwaleta Kigoma. Nilikuwa nafuatilia habari ya wafanyabiashara wa mawese. Usiku nikatega king'ora nidamkie boti ya alfajiri ya kurudi Kibirizi. Nikaamka, nikaoga, nikashuka ufukweni taratibu kwa maringo. Boti hakuna. Watu wananishangaa. Kumbe usiku ule kishikwambi kilidaka mawimbi ya upande wa pili wa mpaka, na kwa kuwa nilikiachia kijipangie saa chenyewe, kikarudi nyuma saa nzima. Burundi wako nyuma yetu saa moja, na ng'ambo ya ziwa huko Kalemie na Uvira ni hivyo hivyo. Ziwa moja, maji yale yale, saa mbili tofauti! Nikalala Kagunga siku ya pili bila kupenda, mfukoni nauli tu.

Dawa yake ni ndogo. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima ile ya kujipangia yenyewe, chagua saa za Afrika Mashariki, basi. Kama unaishi Kigoma, Kasulu, Kibondo au popote karibu na mpaka, fanya hivyo leo kabla hujapanga kitu kingine chochote.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Kuna maneno ambayo vijana wasomi tunapenda kuyasema, kwamba Mwafrika na ratiba ni vitu viwili mbalimbali, kwamba mambo ya kalenda ni ya Wazungu, sisi ni watu wa "nitakucheki". Tunasema huku tunacheka, kama vile ni sifa. Mimi naona ni kisingizio, tena ni kisingizio cha watu wa mjini.

Nenda Kibirizi jioni ukaangalie wavuvi wa dagaa wanavyojiandaa. Wanavua usiku, wanawasha taa juu ya maji ili dagaa wafuate mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, kwa sababu ziwa zima lina mwanga, dagaa wametawanyika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kupumzika, za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulipana madeni na kwenda harusini. Mvuvi ambaye hajui mwezi uko siku ya ngapi atachoma mafuta bure na watoto watalala njaa. Hiyo ni ratiba, na ni kali kuliko ya benki. Kisha mwaka 2024 ikaongezeka nyingine, Tanzania iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu! Aliyejipanga mapema alikuwa na shamba, kibanda au akiba. Ambaye hakujipanga unajua alikuwa na nini.

Hata Liemba yenyewe. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaingia majini Kigoma 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Kwa miaka mingi, kabla haijasimamishwa, vijiji vya kusini mpaka Mpulungu, Zambia, vilipanga biashara zao kwa safari yake. Ingeweza kuchelewa nusu siku, lakini watu wa pwani ya ziwa walijua wiki hii ni wiki ya meli au si wiki ya meli, na mananasi na dagaa wakavu walikuwa tayari.

Kwa hiyo suala si Mwafrika na ratiba. Suala ni kwamba sisi tulioondoka kwenye kalenda ya mwezi na meli tukahamia mjini, hatujajijengea kalenda nyingine mahali pake. Tumebaki katikati. Tunaahidi mambo kumi kwa siku, kwa simu, kwa mdomo, kwa ujumbe, na tunategemea kichwa kile kile ambacho usiku hakijui hata funguo kiliweka wapi.

Na kama unadhani Wazungu walizaliwa na kalenda kifuani, nenda kwenye ile kumbukumbu ya Livingstone hapo Ujiji, utaambiwa habari za mwaka 1871 alipokutana na Stanley. Kitu ambacho wageni wengi hawakipati ni hiki: wale mabwana wawili, waliopeana mikono mahali pamoja siku moja, hawakuandika tarehe moja. Stanley ameandika 10 Novemba 1871. Kwa hesabu ya Livingstone ilikuwa bado Oktoba. Mmoja wao, au wote wawili, walikuwa wamepotea katika kuhesabu siku kwa sababu ya maradhi na safari ndefu, na wanahistoria wanabishana mpaka leo. Mkutano maarufu kuliko yote katika historia ya mji wetu hauna tarehe ya uhakika!

Tena kuna funzo la pili kwa mzee yule yule. Miezi michache kabla, akiwa Nyangwe huko Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea wa huko. Humo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871. Wino ule ukafifia kiasi cha kutosomeka. Ilibidi wataalamu wapige picha kurasa zile kwa mianga ya aina mbalimbali ndipo maandishi yakaonekana, na shajara ikachapishwa mtandaoni 2011, miaka 140 baadaye. Unaona? Aliandika kwa alichokuwa nacho, hakusubiri daftari zuri. Hiyo ni sifa. Lakini alikuwa na nakala moja tu, na karibu ipotee. Haya mawili, andika kwa ulichonacho na uwe na nakala zaidi ya moja, ndiyo somo zima la kupanga kidijitali. Mengine ni mapambo.

Na mfano wa karibu zaidi upo hapo Gombe, boti kidogo tu kutoka Kibirizi. Jane Goodall, aliyefariki 1 Oktoba 2025, alifika pale 14 Julai 1960 na daftari na darubini. Tangu hapo sokwe wanaandikwa siku baada ya siku, na Watanzania wenzetu, wasaidizi wa utafiti, wamekuwa wakiandika kwa Kiswahili wanachokiona msituni. Baadaye, vijijini kuzunguka hifadhi, wafuatiliaji wa misitu wakapewa simu za kisasa na vishikwambi kurekodi mti uliokatwa, mtego, nyayo, pamoja na mahali penyewe kwenye ramani. Karatasi haikudharauliwa, kifaa kikaongezwa kwenye mazoea yaliyokuwepo tayari. Hapo ndipo pa kujifunzia. Kifaa hakileti mazoea. Kinayabeba yale uliyonayo, na kama huna, kinabeba hewa.

Basi, kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo ningependa mtu aniambie siku ya kwanza. Sitaji bei, sitangazi duka la mtu.

Kwanza, anza na kalenda peke yake. Usipakue daftari lolote kwa wiki mbili. Tumia kalenda iliyokuja na kifaa au ya Google, moja tu, usichanganye. Humo weka kitu kimoja: ahadi ulizompa mtu mwingine. Si ndoto zako, si mazoezi, si "kusoma kitabu". Miadi ya watu. Kila ahadi iwe na ving'ora viwili, kimoja siku moja kabla, kingine muda unaokutosha kufika. Kutoka Mwanga kwenda Ujiji kwa bajaji ni safari fupi, kwenda Kagunga ni habari nyingine kabisa. Na andika pale pale unapoahidi, mbele ya mtu. Mwanzoni utaona kama ni kukosa adabu kutoa kifaa wakati mzee anaongea. Mwambie, "Niwie radhi babu, naandika siku uliyonipa nisije nikaisahau." Sijaona mzee aliyekasirika. Wengi wanafurahi, wanaona wamepewa uzito.

Pili, zikishazoeleka hizo, ndipo ongeza daftari la kuandikia kwa mkono. Madaftari mengi ya kidijitali yanayouzwa mtandaoni ni faili la PDF tu, lenye kurasa za mwaka, mwezi na siku, na viungo vya kukurusha kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ukigusa tarehe. Unaliingiza kwenye programu ya maandishi, kama Samsung Notes kwa wenye Samsung, GoodNotes kwa wenye iPad, au OneNote ambayo ni ya bure na inafanya kazi karibu kila mahali. Lakini siri ni kwamba unaweza kulitengeneza mwenyewe. Fungua PowerPoint, chora ukurasa wa mwezi, chora ukurasa wa wiki, unganisha kwa viungo, hifadhi kama PDF. Kazi ya jioni moja. La kwangu lina kurasa za aina tatu tu: mwezi, wiki, na ukurasa mtupu wa kila mtu ninayemhoji.

Tatu, kalamu. Zile za bei rahisi zenye kichwa cha mpira zinafanya kazi kama kidole tu, kwa hiyo kiganja chako kikigusa kioo nacho kinaandika. Utapata mistari kama kuku kapita. Zile zinazoelewana na kifaa chenyewe zinajua hii ni kalamu na hiki ni kiganja. Kabla ya kununua, uliza kifaa chako kinakubali ipi, maana si kila kalamu inakubaliana na kila kifaa. Na kama huna, chapa kwa vidole. Hakuna atakayekupunguzia maksi.

Nne, nakala. Programu nyingi za kalenda na maandishi zinafanya kazi bila bando na kutuma mambo yako mtandaoni ukipata intaneti. Google inakupa GB 15 za bure, ambazo kwa maandishi ni nyingi mno. Mimi kila Jumapili jioni natoa daftari la wiki kama PDF, naliweka mtandaoni na kwenye simu. Kifaa kikitumbukia ziwani, na kando ya ziwa mambo hayo hutokea, nimepoteza kioo, sijapoteza watu. Waandishi wenzangu, hapa muwe makini: jina la mtu aliyekupa habari nyeti lisikae wazi kwenye kalenda inayoelea mtandaoni. Tumia alama unayoijua mwenyewe, na weka neno la siri kwenye kifaa.

Tano, usitupe karatasi. Kigoma kwa miaka mingi iliishi kwa jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa, na kila mwenyeji anajua kupanga maisha kwa kudra ya umeme. Kila asubuhi mimi huandika mambo matatu ya leo kwenye kikaratasi kidogo, naweka mfuko wa shati. Chaji ikiisha ninajua niende wapi. Kikaratasi kina umri wa siku moja tu, ikifika jioni kinachanwa. Tofauti na risiti yangu ya zamani ni kwamba kikipotea, ahadi ipo mahali pengine.

Sita, iongeze kalenda yako kwenye kalenda yao. Ya Google, ukiifungua kwenye kompyuta, inakubali kuongezewa hatua za mwezi na tarehe za Kiislamu. Kwangu mimi Ujiji hii imekuwa msaada mkubwa. Sipangi tena kuhoji wavuvi usiku wa giza wakiwa ziwani, na simpigii hodi mtu wakati wa futari. Kalenda inayokuonyesha mikutano yako tu na haikuonyeshi maisha ya wenzako bado haijakamilika.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu. Rafiki yangu mmoja ananiambia, "Ukianza kupanga kila dakika utakuwa mtumwa. Utaacha kukaa barazani. Habari nzuri mwandishi anazipata akiwa hana ratiba." Ni kweli kwa nusu. Mzee yule nilimpata kwa kuzurura, si kwa miadi. Lakini nilimpoteza kwa kuzurura vile vile. Mimi nadhani ahadi zikishakaa mahali pake, ndipo kichwa kinapata nafasi ya kuzurura kwa amani. Zamani nikikaa barazani nilikuwa na wasiwasi usio na jina, kuna kitu nimesahau, sikijui. Siku hizi nikikaa, nimekaa.

Hoja nyingine ni ya dini, kwamba kesho ni ya Mungu. Naam, ni ya Mungu. Lakini wazee wetu waliposema "inshallah" walikuwa wanaahidi kwa unyenyekevu, kisha wanafika. Sisi tumeligeuza kuwa mlango wa nyuma. Mzee wangu alisema inshallah Jumanne, akavaa kanzu, akaweka kiti. Mimi nilisema inshallah, nikaenda kunywa chai. Nani kati yetu alikuwa anamtegemea Mungu?

Nilirudi kwa yule mama, binti yake, baada ya arobaini. Nilimwomba radhi kwa mara nyingine, akanikaribisha kahawa. Hakuwa na picha nyingi za baba yake melini, ila alinielekeza kwa rafiki yake mzee, waliyefanya kazi pamoja, anaishi mitaa ya pili kutoka hapo. Nimekwenda, nimejitambulisha. Naye ananiita mjukuu. Naye pia amesema nije asubuhi, akiwa na nguvu.

Ni Jumanne hii, saa tatu asubuhi, yaani 9:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Ipo kwenye kalenda, ipo kwenye simu, na siku ikifika itakuwa kwenye kikaratasi mfukoni. Kifaa kina chaji. Suruali sijaifua.

Na wewe msomaji wangu, kabla hujafunga ukurasa huu, hebu jiulize swali dogo tu: wiki hii, nani amekuwekea kiti? Kama hukumbuki, basi anza leo, hata kwa simu hiyo hiyo uliyonayo mkononi.

Nawasilisha. Alamsiki.